Moshi wa Gari ya Maskati

Jumatatu, 4 Novemba 2019. Kengeja, Pemba.

Gari imefika! Imeshushwa Mkoani jana. Nilirudi hoi, naandika leo. Ni ile ya kizamani, ya mraba kama sanduku la nguo, magurudumu yote manne yanavuta, taa mbili za duara mbele. Binamu yangu Ahmada, aliyeko Maskati, aliniapia kuwa haina kutu. Kweli haina. Jangwani kutu itoke wapi? Ila la moshi hakunambia. Nilipoiwasha bandarini wachukuzi walitupa mizigo, mmoja akapiga kelele za moto.

Haidhuru. Harusi ya Mwanawema ni Jumapili ya tarehe 17. Kabla ya hapo gari ikaguliwe, ipate namba, nami Jaribu, baba mzazi, nimpeleke binti yangu Wete kwa mumewe kwa mikono yangu mwenyewe. Bila namba siruhusiwi kupakia mtu. Nina karatasi ya muda tu, ya kwendea ukaguzi na kurudi.

Shemeji yangu Kificho, kaka wa mke wangu Mize, keshapita. Yeye ana gari ya abiria, ile yenye bodi ya mbao. Akaizunguka yangu, mikono nyuma, akauliza kama humo ndani kuna mtu anachoma mkaa. Kisha akasema gari yake ipo, nisione haya. Nikamwambia ahsante, sihitaji. Mize akamkaribisha chai! Na mkate wa mofa!

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Nimeshinda ndani ya gari nikisikiliza inavyovuja. Mize kaja na mwavuli kuniuliza kama nitakula huko huko kwa mke mwenzake. Ndivyo anavyoiita.

Hajui. Au anajua anajitia hajui. Siku yetu sisi, Mize aliletwa kwangu na gari ya baba yao, hiyo hiyo ya mbao aliyonayo Kificho sasa, kakalishwa juu ya magunia ya muhogo, kwa sababu mimi sikuwa na hata baiskeli. Tangu siku ile, kila Idi, Kificho husimulia. Katika hadithi yake muhogo ule sasa umeshakuwa na mchanga, na mbuzi pembeni. Mbuzi hakuwepo! Watoto wote wa mji huu wanaijua hadithi hiyo, na wanacheka kabla hajafika penye kuchekesha. Nimechoka nayo. Binti yangu hapandi mbao za Kificho, basi.

Jumatano, 6 Novemba

Ukaguzi, Chake Chake. Taa sawa. Breki sawa, baada ya kuikanyaga mara nyingi. Honi sawa mno, kuku wa jirani wamehama.

Kisha moshi. Mkaguzi ni mwanamke, Afande Mwatum, mtaratibu, hacheki. Ana kimashine chenye mpira mrefu, anautia kwenye ekzosi, kimashine kinasema. Kilipiga kelele. Moshi ukaja wa buluu, kisha mweusi, kisha sikumuona tena Afande. Alipotokea alikuwa kajiziba pua kwa ushungi. Akasema, kwa adabu kabisa, kuwa gari haipiti, nikaitengeneze nirudi.

Nikampitia fundi Nyange. Akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini inakunywa oili, ziagizwe Unguja. Nikamuuliza zitafika lini. Akasema Mungu akipenda. Nikamuuliza kabla ya harusi? Akainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo ringi tuziache. Lazima iwepo njia ya mkato.

Ijumaa, 8 Novemba

Njia ipo. Makumbi! Chujio! Tui linachujwa, chai inachujwa, kwa nini moshi usichujwe? Nimeijaza ekzosi makumbi ya nazi, nikayashindilia kwa mchi wa Mize. Moshi hautoki hata chembe. Ni kweli na gari nayo haitaki kuwaka, lakini hilo ni dogo, itawaka.

Mize anautafuta mchi. Nimemwambia sijauona.

Jumatatu, 11 Novemba

Sitaki kuandika.

Naandika. Makumbi niliyatoa nikaenda nayo, nikayashindilia tena langoni kwa ukaguzi. Iliwaka, kwa kusukumwa na watu wa ukaguzi wenyewe. Afande Mwatum akainama na mpira wake. Hakuna moshi! Akatikisa kichwa kwa mshangao, nami nikaanza kutabasamu. Akaniambia nikanyage mafuta. Nikakanyaga. Ukatoka mshindo, Wallahi, watu wakalala chini. Makumbi yote yaliruka kwa pamoja yakatua juu ya gari jeupe la mkubwa wake, lililooshwa asubuhi ile. Yalikuwa yanafuka.

Afande alijipangusa. Akasema haipiti.

Nimeosha gari la mkubwa. Nimerudi Kengeja nimeloa. Habari ilishatangulia, sijui imepanda gari gani. Najua. Imepanda ya Kificho. Alikuwa barazani kwangu, kala chakula changu, ananiuliza kwa upole kama vita vimekwisha.

Jumatano, 13 Novemba

Nyumba imejaa wanawake. Hakuna pa kukaa. Wanafukiza nguo za Mwanawema: chetezo chini, udi juu ya makaa, nguo zimetandazwa juu ya tenga. Nilisimama mlangoni hivi hivi tu, mchovu, nikiwatazama. Moshi ulikuwa mwingi, mzito, unaniliza macho. Na hakuna aliyelalamika! Wote wanauvuta kwa raha, wanasema mashallah.

Hapo nikapigwa na wazo mpaka nikakaa chini. Afande Mwatum alijiziba nini? Pua! Moshi wenyewe hauna kosa. Kosa ni harufu. Mashine haina pua, sawa, lakini anayeishika anayo, na roho yake ikiburudika mkono wake nao utakuwa mwepesi.

Udi ni ghali, Mize ataniua. Lakini hiki ni kisiwa cha karafuu, na msimu ndio huu. Nimepata chupa ya mafuta ya makonyo kwa rafiki, na pakacha la makonyo yenyewe, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Mafuta nimeyamimina kwenye tangi. Makonyo nimeyapanga ndani ya ekzosi, kiasi, si kama makumbi. Mtu hujifunza.

Nimeiwasha kuijaribu. Ya rabi! Kengeja nzima imenukia. Bibi mmoja kapita akaniombea dua.

Alhamisi, 14 Novemba

Nipo kituo cha polisi. Naandika nyuma ya karatasi ya muda.

Nilitoka alfajiri ili nimuwahi Afande kabla hajachoka. Gari inakwenda, inanukia, ninaimba. Kabla ya kufika barabara kuu nikasimamishwa na askari wa doria. Doria ya magendo ya karafuu. Hilo sikulifikiria. Nimezaliwa kisiwa hiki, nimekulia chini ya mikarafuu, kila msimu naona magari yanapekuliwa ili karafuu isivushwe ng'ambo kwa siri, na nikatoka Kengeja, pwani kabisa, kabla ya jua, kwenye gari isiyo na namba, inayonukia karafuu mpaka kijiji cha tatu!

Wakaniuliza karafuu iko wapi. Nikasema kweli: imo ndani ya ekzosi. Wakatazamana. Wakasema nisiwafanyie mzaha. Nikawaambia na nyingine imo ndani ya tangi. Basi ndipo walipoanza kufungua viti.

Wamefungua viti, milango, gurudumu la akiba, paa. Harufu ipo, karafuu hakuna. Kila wanapokosa ndivyo wanavyozidi kuamini kuwa mimi ni fundi mkubwa wa magendo. Mmoja kanitazama kwa heshima. Hakuna mtu aliyepata kunitazama hivyo tangu nizaliwe, ingekuwa siku nyingine ningefurahi.

Ijumaa, 15 Novemba

Nyumbani. Aliyenitoa ni Kificho.

Alikuja na gari yake, abiria wakiwamo, wote wakateremka kunitazama. Akamuapia mkuu wa kituo kuwa ananijua tangu ujana, na kuwa mimi si mfanya magendo, magendo yanataka akili. Mkuu wa kituo akanitazama juu mpaka chini. Akakubali papo hapo! Hakuuliza hata swali la pili!

Mimi nimeachiwa. Gari imebaki uani mwa kituo, vipande vipande, mpaka Jumatatu. Harusi ni Jumapili.

Mize hakunigombeza. Kaniwekea maji ya kuoga, kaniwekea kanzu, kakaa kando yangu. Ningependa anigombeze. Nimemwambia nilitaka mwanangu aondoke kwake kwa heshima. Akasema ataondoka kwa heshima, nile kwanza.

Jumapili, 17 Novemba

Keshakwenda, Mwanawema wangu.

Gari ya Kificho ilipambwa kanga na maua ya plastiki. Vigelegele mpaka masikio yanauma. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na masufuria, nilikuwa sitaki kuona. Bi harusi kapandishwa, kakalishwa kwenye ubao, kisha safari haiondoki. Nikasikia naitwa. Mwanawema kasema bila baba haondoki mtu. Nikapandishwa kama mzigo, nikakaa ubavuni pake.

Njiani aliniambia, chini ya mtandio wake, kuwa mama yake amemsimulia siku ile ya muhogo, naye Mize huisimulia tofauti na Kificho. Mize alicheka njia nzima siku ile. Nilikimbia nyuma ya gari kuokota muhogo uliokuwa unaanguka, nikawa naurudisha mmoja mmoja juu ya mapaja yake, na yeye alikuwa anauangusha makusudi ili anione nakimbia. Hilo sikulijua mpaka leo! Mwanawema akasema tangu yuko mdogo alikuwa anatamani apelekwe na gari hii hii ya mbao. Aliogopa kunambia, aliona ninavyohangaika.

Nililia. Aliyeniuliza nilimjibu ni moshi. Gari ya Kificho haitoi moshi.

Wete tulipokewa vizuri. Kificho alisimulia hadithi ya muhogo. Alipofika kwenye mbuzi, nilimsaidia kusimulia.

Jumanne, 19 Novemba

Gari nimerudishiwa. Wameifunga upya wenyewe, zimebaki skrubu kwenye mfuko. Bado inanukia.

Kificho kapita asubuhi, kaacha kibunda kwenye kizingiti, kaondoka. Ringi za pistoni. Mpya, za saizi yenyewe. Aliziagiza Unguja tangu wiki ya kwanza, hakusema. Fundi Nyange kapiga simu kuwa yuko tayari, niilete, ni kazi ya siku moja tu.

Mize kaniambia haya, kila kitu kimepatikana, alhamdulillahi, nenda. Mwanawema atakuja kututembelea wiki ijayo, mfuate na gari yako, shida yake imekwisha.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, kama mtu mzima aliyepata somo. Nikitia ringi za Kificho, kila Idi nitasikia hadithi za ringi juu ya zile za muhogo. Hapana. Nimeziweka juu ya kabati, nyuma ya sahani za wageni.

Na tukisema haki, fikra yangu haikuwa mbaya. Kilichoniponza ni karafuu tu. Nyuma ya jiko la Mize kuna mchaichai, kichaka kizima, unanukia vizuri kuliko karafuu, na sijapata kusikia doria ya mchaichai. Kesho alfajiri naukata wote.