Shati la Baba na Risasi za Mezani kwa Arlene

Jumapili, 5 Novemba

Baada ya ibada, kahawa na mkate wa mdalasini kwenye ukumbi wa kanisa. Dwight, kaka wa mke wangu, aliteka meza nzima kama kawaida yake. Eti risasi zake anazitengeneza mwenyewe kwenye karakana, ndiyo maana kulungu wake huanguka palepale. Za dukani, alisema, ni za watu wanaopenda kubahatisha. Akanitazama. Meza nzima ikanitazama!

Kweli, ukuta wa kambi yetu ya uwindaji una mikia mingi ya mashati yangu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Ndiyo desturi ya kambi za huku milimani Pennsylvania: ukimlenga kulungu ukamkosa, jioni unakatwa mkia wa shati, lile pindo la nyuma, unaandikwa jina na mwaka, unapigiliwa ukutani. Mshika mkasi ni Mzee Harlan, ami yao Dwight na mke wangu, mwenye kambi. Siku hizi mke wangu Arlene ananinunulia mashati ya mtumba. Anasema haoni sababu ya kunivika kitu kizima.

Lakini leo Dwight alivuka mpaka. Aliuliza kama msimu huu nitakuja tena na matambara yangu, au nitathubutu kuvaa shati la marehemu Baba. Shati la Baba! Sufi nzito, miraba myekundu na myeusi. Baba aliwinda kwa Mzee Harlan maisha yake yote na mkasi haukuligusa. Katika vitu vyote alivyoniachia, hicho ndicho ninachokipenda. Nikasikia mdomo wangu ukisema nitalivaa siku ya kufungua msimu, na nitaua kwa risasi niliyoitengeneza mwenyewe. Dwight alicheka hadi kahawa ikamtokea puani. Arlene alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata mashine! Mnada wa kikosi cha zimamoto. Mashine ya kushindilia risasi yenyewe, chuma cha kijani chenye mkono mrefu. Kalibu zake, mizani ndogo, na sanduku la maganda yaliyokwisha kupigwa. Kitabu cha vipimo hakikuwemo. Muuzaji akanishauri kwamba anayeanza huanza na kitabu, halafu miwani ya kukinga macho, mashine ndiyo huja mwisho. Nikamshukuru sana. Waoga nao wana ushauri wao.

Kazi yenyewe nimeielewa kwa kuiangalia tu. Ganda likipigwa hutanuka. Unalisukuma kwenye kalibu lirudi umbo lake. Unalipachika kitakoni fataki mpya ya kuwashia, unalitia baruti tumboni, unalivisha kichwa, kile kinachoruka. Basi! Pai ya Arlene ina hatua nyingi kuliko hizo.

Karakana ina baridi. Nimeifunga mashine kwa bolti kwenye meza ya cherehani ya Arlene. Imekaa vizuri mno. Bado hajaiona.

Jumatano, 8 Novemba

Ameiona.

Baada ya hapo kazi ikaanza. Ganda la kwanza liliingia kwenye kalibu bila shida. Kutoka likagoma. Nikavuta mkono wa mashine. Nikaning'inia juu yake. Meza ikanyanyuka miguu miwili, droo ikafunguka, vifungo na sindano vikatapakaa sebule nzima. Ganda halikusogea hata kidogo. Nimepata sindano moja kisiginoni na nyingine mahali ambapo sitapataja. Mashine hii bila shaka ina kasoro.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimempigia Dwight simu. Kwa ujanja! Nilimwambia nina rafiki yangu ambaye ganda limemkwamia kwenye kalibu. Dwight akauliza kama huyo rafiki aliyapaka maganda mafuta kabla ya kuyasukuma. Nikajibu kwamba rafiki hakuambiwa. Akauliza kama huyo rafiki ana mke anayeitwa Arlene.

Alikuja na keekee na bolti, akalitoa ganda kabla kahawa haijachemka. Akaniachia kopo la mafuta na miwani yake ya zamani. Halafu mahubiri. Ukikaa kwenye mashine, hakuna redio, hakuna simu. Na ukishatia baruti, usivishe kichwa chochote kwanza: simamisha maganda yote kwenye kibao, shika tochi, chungulia moja baada ya jingine uone baruti imo na imelingana. "Shemeji, mwenyewe namulika," alisema. "Miaka yote hii, kila mara namulika."

Maskini. Miaka yote hiyo na bado hajiamini.

Jumamosi, 18 Novemba

Siku tukufu! Vipimo nimevipata kwenye kitabu cha maktaba, mafuta nimepaka, maganda yameingia na kutoka kwa adabu. Fataki, baruti, kichwa. Fataki, baruti, kichwa. Nina mkono wa kazi hii, sijui nilikuwa wapi.

Katikati simu ikalia. Dwight, anauliza kama bado niko hai. Nikampa maneno yake, na kwa kuwa nilikuwa nayo mengine nikamwongezea. Niliporudi mezani sikubabaika hata kidogo, nilikumbuka kabisa nilipoishia. Lilikuwa hili. Au lile la pembeni yake. Hapana, lilikuwa hili.

Tochi sikuiona, na kuitafuta kungenivunjia mwendo. Nikavisha vichwa vyote. Zimesimama dirishani zinang'aa. Arlene alipita, akaziangalia, akaniangalia mimi, akaenda zake. Nadhani ameguswa.

Alhamisi, 23 Novemba

Siku ya Shukrani. Niliziweka risasi zangu mezani kwenye sahani nzuri, kando ya bata mzinga, ili wageni wazione. Dwight alichukua moja, akaitikisa sikioni kusikiliza baruti. Akachukua nyingine. Akaacha kutafuna. Akauliza kama nilimulika. Nikasema bila shaka. Akasema ana mizani yake kwenye gari, twende tukazipime zote sasa hivi, pai itasubiri.

Wivu! Umemkausha kabisa, hata kucheka hakucheka. Nilimwambia mbele ya wote kwamba atapima kulungu wangu Jumamosi.

Arlene ameshona kiwiko cha shati la Baba. Anasema mshono wa nyuma kule chini ni wa mkono mwingine, na uzi wake si mmoja na wa shati. Wanawake na nyuzi zao. Nimelivaa mbele ya kioo. Nimefanana na Baba kabisa, isipokuwa tumbo.

Jumamosi, 25 Novemba

Theluji hadi vifundoni. Dwight alikaa chini ya msonobari upande wa pili wa kijito, karibu kiasi cha kuitana. Nadhani alitaka kunichunga.

Akatokea. Dume, pembe zimejaa kichwa, amesimama ubavu wazi. Nikalenga kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao. Nikavuta.

Puf.

Sauti ya kizibo cha chupa! Kulungu aligeuza shingo, akanitazama, akaondoka. Hakukimbia. Alitembea!

Nikawahi kupakia ya pili. Hapo nikamsikia Dwight anakuja mbio, anavuka kijito na mabuti, anapiga kelele nisiiguse bunduki. Akaninyang'anya, akatoa komeo, akamulika mtutu. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama mle ndani. Ganda halikuwa na baruti, fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma. Ningefyatua ya pili nyuma yake, alisema, mtutu ungenipasukia usoni. Halafu akakaa kwenye theluji. "Ningemwambia nini Arlene?" akauliza. "Hebu niambie, ningemwambia nini?"

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Jumapili, 26 Novemba

Nimerudi nyumbani. Ya jana jioni kambini naandika leo, maana jana sikuweza.

Nilijitetea kama wakili. Risasi haikutoka kwenye bunduki, kwa hiyo haikumkosa mtu wala mnyama. Mzee Harlan alinisikiliza huku anatafuna soseji. Akauliza kama nililenga. Nililenga. Kama nilivuta. Nilivuta. Kulungu yuko wapi? Nikakiri kwamba yuko anakula.

"Basi geuka, baba," akasema, akachukua mkasi.

Ndipo Dwight akasimama. Akasema yeye ndiye aliyenichokoza kuhusu shati la Baba, akachomoa lake kwenye suruali, akataka likatwe lake. Dwight! Mzee akamwambia akae chini na achomekee shati. Mimi nikageuka. Nilikuwa nalia, na sikujali nani anaona.

Mkasi haukuja. Mzee alikuwa ameinua pindo, analipapasa. Akaitisha taa. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akaondoa kikaango cha zamani ambacho tangu utoto wangu kinaning'inia pale bila kupikiwa. Nyuma yake, kwenye msumari uleule, kipande cha sufi. Miraba myekundu na myeusi, imejaa masizi. Mwaka upo, jina hakuna.

Ni msimu wa kwanza wa Baba pale, Mzee alisema, bwana harusi mpya. Alimkosa kulungu aliyelala. Akamwomba Mzee asiandike jina, na Mama akashonea kiraka usiku huohuo. "Alinitoa jasho, baba yako, kwa kunibembeleza."

Kambi nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka hadi mbavu zikauma, machozi bado yanatoka. Mzee akakata palepale kwenye mshono wa Mama. Sasa vipande viwili viko ukutani, pamoja, vyote vina majina. Sijawahi kumpenda Baba kama jana.

Njia nzima nimekuwa nikiwaza, na nimeona kosa liko wapi. Baba alitumia risasi za dukani, akakosa. Mimi nilitengeneza kila kitu, lakini vichwa nilivinunua. Dukani! Safari hii vichwa nitavisubu mwenyewe, niyeyushe na kumimina. Fundi wa matairi amenipa ndoo ya vyuma vizito vya kusawazishia magurudumu, vinayeyuka vizuri. Sufuria ya supu ya Arlene inatosha kabisa, na yeye yuko kwaya hadi jioni.

Tulipoagana Dwight alinikabidhi tochi yake mwenyewe, akanishika bega. Tochi nzuri. Betri zake nimezitia kwenye redio, maana kazi ndefu kama hii inataka muziki.