Wasiotajwa Hupewa Kahawa

Jumatatu, 4 Novemba

Leo kaja mwanamke kwenye banda la kufungashia mananasi. Nusu yetu tulishajibanza nyuma ya maboksi kabla msimamizi hajatuambia kwamba si wa uhamiaji. Anaitwa Daktari Ileana, katoka chuo kikuu San José. Kazi yake ni kuchunguza kama watu wana raha mashuleni na makazini. Hana sindano. Anauliza tu.

Kaniuliza nimelalaje. Nikasema vizuri. Akasubiri. Hakutazama simu, hakutazama mkanda unaopitisha mananasi. Alisubiri kana kwamba jibu lenyewe bado liko njiani. Tangu nivuke mpaka kutoka Nikaragua, mwaka wa tatu sasa, sijaona mtu wa namna hiyo. Nikimpigia mama kule Somotillo huuliza mvua, kisha husema sauti inakatika, kisha inakatika kweli.

Nikafungua mdomo nimjibu. Msimamizi akapiga filimbi. Nikarudi kuchovya mananasi kwenye nta. Jibu nimebaki nalo.

Jumanne, 5 Novemba

Habari nzito. Mama Nidia wa kantini alimpelekea Daktari kahawa, akamsikia akimweleza msimamizi mpango wote. Kila mtu ataulizwa peke yake: ni nani hapa ambaye asipokuja kazini, wewe utakwenda kumtafuta? Wale ambao hawatatajwa na yeyote atakaa nao Ijumaa, mmoja mmoja, nusu saa, kahawa na mkate mtamu, tena saa za kazi. Shuleni Pital alifanya hivyohivyo. Watoto wote walimtaja mpishi, anasema Mama Nidia, akashika kiuno kana kwamba mpishi mwenyewe ni yeye.

Nusu saa! Lazima niipate. Nitakuwa mtu asiyetajwa. Kazi nyepesi, nimeifanyia mazoezi miaka mitatu.

Kikwazo ni Abelino. Abelino Potosme wa Masaya, Mnikaragua kama mimi, mfungaji wa maboksi, mpangaji wa chumba kinachopakana na changu. Ukuta ni mbao. Kila jioni anaugonga na kuuliza kama nimekula. Ananiita binamu. Sina binamu Masaya. Kazini anaimba, anasalimia hata mizani. Huyo atatajwa na banda zima. Lakini nikionekana naye, Daktari atadhani nina rafiki, na mambo yangu yataharibika.

Kwa hiyo mchana nikaenda kula maharage yangu nyuma ya rundo la mbao za kupangia maboksi, mahali panaponuka klorini. Sijamaliza kijiko cha pili, kichwa cha Abelino kikachomoza.

“Binamu, umejua kujificha. Nimekutafuta mpaka chooni.”

Akaketi. Akakata tortilla yake ya mahindi, akaniwekea nusu na jibini juu. Nimeila kwa hasira.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeamka na mkakati. Sijamsalimia mtu. Yessenia wa kitengo cha lebo aliniambia habari za asubuhi, nikatazama juu kama ninayekagua bati. Akamwambia mwenzake huyu wa nta leo shingo inamuuma.

Kisha nikamkabili Abelino. Nikamwambia mbele ya watu kwamba nyimbo zake zinachachusha mananasi. Watu wakacheka. Yeye akaomba radhi, akaendelea kuimba kwa sauti ya chini, akinitazama kila mara kuona kama hiyo nayo inanikera. Ilinikera. Wimbo wenyewe mama huuimba akifua, na kwa sauti ile ya chini sikuwa nikisikia maneno.

Saa nane zamu yangu ikafika. Daktari yuko kwenye chumba cha vifaa, kati ya mafagio. Akauliza ni nani nitakayekwenda kumtafuta asipokuja. Nikasema: wewe, Daktari. Akatabasamu, akasema lazima awe mtu wa bandani. Nikamtaja msimamizi, labda ataniondoa kwenye nta. Daktari akauliza kama nina uhakika. Nikasema kabisa. Akasubiri tena! Karibu nimwage kila kitu palepale. Nikajizuia. Mambo yale ni ya Ijumaa.

Jioni Abelino kagonga ukuta. Sikujibu. Akauliza kama naumwa. Nikakohoa, ili asije akavunja mlango.

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa. Wameitwa watu wanne wa kesho. Mimi simo. Abelino yumo.

Abelino! Anayesalimia mizani!

Nikamfuata Daktari mpaka kwenye gari lake, mvua ikitunyeshea sote wawili. Nikamwambia kuna kosa, mimi sijatajwa na mtu, nimehakikisha mwenyewe. Akashangaa nimejuaje habari za kutajwa. Nikamlaumu Mama Nidia. Daktari akasema hawezi kutoa majina, ila ninalopaswa kujua ni kwamba nimetajwa. Watu wazima, akasema, huwa wanatazama dari kwanza, wanatafuta jina. Aliyenitaja mimi hakutazama dari. Alijibu swali likiwa halijaisha.

Nikauliza kama mtu huyo anaweza kufutwa.

Alinitazama, mvua ikimtiririka puani. Akasema atarudi Februari, na kwamba angefurahi sana akinikuta nakula na mtu. Akaondoka.

Nina adui humu bandani. Nitamjua.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimewahoji washukiwa. Yessenia kasema, “Nikutaje wewe? Jina lako lenyewe silijui.” Mzee wa mizani kasema alimtaja mbwa wake, Daktari akakataa. Msimamizi sikumwuliza, huniita Nta.

Saa nne Abelino akatoka chumba cha vifaa. Macho mekundu, makombo ya mkate mtamu shatini. Akaja moja kwa moja kwangu.

“Binamu, nilikutaja wewe,” akasema. “Nikadhani na wewe utanitaja.”

Glavu zangu zikadondosha nta. Akasema Daktari amemshauri aende akaongee na huyohuyo ambaye yeye alimtaja. Ndiyo kaja. Jioni anapika kahawa, nipite chumbani kwake.

Mtazame mtu huyu! Kaniharibia nusu saa yangu kwa kunitaja, halafu kaenda kuikalia yeye mwenyewe, na mkate wangu kala. Nikamwambia nimechoka, labda siku nyingine. Akasema sawa, binamu. Alasiri yote hakuimba. Banda lilikuwa kimya, mkanda peke yake ukikwaruza. Sikupenda. Lakini si kazi yangu kumwambia mtu aimbe.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimempigia mama. Sauti ilikatika.

Kwa Abelino harufu ya nyama ya nguruwe na jani la mgomba, tangu jana. Anapika nacatamal, unga wa mahindi na nyama vilivyofungwa kwenye jani. Chakula hicho hakuna apikaye kimoja, sufuria ni ya ukoo mzima, na yeye yuko peke yake mle ndani. Sijui anampikia nani.

Saa tano kagonga ukuta, kauliza kama nimekula. Nilikaa kitandani, nikabana pumzi. Akaja mlangoni, akagonga tena, akangoja. Anajua kungoja, sikatai. Nikasikia sahani ikiwekwa chini, kisha kandambili zake zikirudi taratibu.

Nikahesabu mpaka aingie kwake, nikafungua, nikachukua. Viwili, bado vya moto. Nimekula vyote. Sahani nimeirudisha palepale, bila kuiosha, asije akadhani kuna mtu.

Februari si mbali. Safari hii hatanitaja. Nimeshaanza: sasa hivi anagonga ukuta, anauliza kama chumvi imetosha.

Imetosha. Sijamjibu. Mvua inanyesha, na katika nchi hii yote hakuna mtu hata mmoja wa kuniuliza nimelalaje.