Makala ya Ishirini na Nane ya Mume Wangu

Ndugu Mhariri wa Jarida la Kumbukumbu na Maamuzi,

Natumaini wewe na wenzako hapo ofisini hamjambo. Mimi ni mke wa mtafiti ambaye jina lake umelichapisha juu ya makala ishirini na saba zinazoeleza jinsi watu wanavyokumbuka na wanavyoamua. Tumeoana miezi minne na siku sita sasa. Orodha ya makala hizo nimeitia fremu na kuitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi, na kila mgeni huisoma kabla hajaletewa chai. Chini ya namba 27 nimeacha nafasi.

Nafasi hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Makala ya ishirini na nane mlitumiwa siku mbili kabla ya harusi yetu, na hadi leo hamjajibu hata neno. Mwisho wa mwezi huu chuo kinapitia mkataba wa mume wangu. Bila makala mpya, hautaongezwa. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Mmeniharibia jina. Zamani mume wangu alitoa makala mbili kila mwaka. Tangu anioe, hakuna kitu. Mkuu wa idara amemuuliza mbele ya wenzake, "Bwana harusi, kulikoni, umefichiwa kalamu?" Mama mkwe naye kila akija anaitazama ile fremu, kisha ananitazama mimi.

2. Nasikia makala husomwa kwanza na wataalamu wawili wasiotajwa majina. Wajomba zangu walipomchunguza mume wangu huyu huyu kabla ya kumkubali, walikaa mbele yake wakajitambulisha, na walimaliza kazi alasiri moja.

3. Yeye ana adabu mno kuwakumbusha. Nilipomsihi, alisema wahariri wana shughuli nyingi, akaenda kuosha vyombo. Mwanamume anayesugua sufuria bila kuombwa anastahili kusomwa haraka. Hili naliona ni la kisayansi kabisa.

4. Kama mna shaka na hoja zake, pokeeni ushahidi wa ziada. Kuhusu kumbukumbu: anakumbuka gauni nililovaa siku tulipokutana maktaba, pamoja na kifungo kilichokosekana. Kuhusu maamuzi: aliamua kunioa baada ya siku kumi na moja, ingawa makala yake ya kumi na tisa inaonya watu wasiamue haraka. Naambatisha pia vikaratasi kumi na vinne alivyonibandikia kwenye jokofu. Cha tisa, kisemacho "Nimekwenda kazini lakini sijaondoka", kinaweza kuchapishwa kama kilivyo.

5. Kwa hiyo naomba makala ikubaliwe kabla mwezi haujaisha. Wale wataalamu wawili waje kwetu kwa chakula cha mchana, wamwone vizuri. Na jarida liniombe radhi kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya harusi. Nimeweka tatu mchague. Mkikataa, nitawaandikia wasomaji wenu wote, ambao mume wangu anakadiria kuwa mia mbili.

Nisalimie anayepokea barua, anayepanga kurasa, na hata wale wawili wasio na majina, pamoja na wake zao kama wamebahatika.

Ni mimi, mwenye furaha na kinyongo kwa pamoja,
Mke wa Makala 1 hadi 27

N.B. Nimefungua kompyuta yake ili nikuandikie tarehe kamili, nikakuta makala haijatumwa. Siku ile alikuwa anakimbilia kupimwa suti, akaniachia mimi nibonyeze kitufe cha kutuma. Nikasoma kwanza shukrani za mwisho, nikakuta ananitaja, nikalia kidogo, nikaenda kumsimulia dada yangu. Ningeapa kwamba nilibonyeza. Hata mlio wake naukumbuka. Ukurasa wa sita wa makala yenyewe unasema mtu akikusudia jambo kwa moyo wote, baadaye huweza kukumbuka kwamba alilifanya. Nimebonyeza sasa hivi, mara tatu. Zimebaki siku kumi na tisa. Tafadhali soma nakala itakayotangulia kufika, na ukimjibu usitaje tarehe. Nitamwambia mwenyewe, ila bado sijaamua lini.