Vifaranga wa Subira na Bibi Arusi wa Wamaza

Jumatano, mwezi mosi Rajabu 1305. Kasongo.

Nguchiro! Mchana kweupe, mimi nimeinama barazani nashona kofia. Nikasikia kelele nyuma ya nyumba. Nikakimbia na sindano mkononi. Silaha ya ajabu. Nguchiro aliniangalia kwanza, ndipo akaondoka, tena bila haraka.

Bata mama amekufa. Vifaranga jana tisa, leo wanne. Mmoja kachanika ubavu, mmoja kavunjika mguu, mmoja kaumwa shingoni. Wa nne mzima, lakini anatetemeka kama mwenye homa.

Bata alikuwa wa marehemu Subira, mke wangu. Alimleta kutoka kwao Kabambare ndani ya kikapu, kambeba mwenyewe njia nzima. Hakukubali mpagazi amguse. Leo ni siku ya thelathini na moja tangu nimzike Subira. Bata alipoanza kuatamia mayai haya, Subira alikuwa bado hai. Aliniuliza habari zake kila asubuhi, kutoka kitandani. Hawa wanne wasife. Sina neno jingine.

Mama Faida, jirani, alikuja na mikono kiunoni. Akasema ana kuku mwenye vifaranga wadogo, nimpe wangu, kuku atawalea pamoja na wake. Nikakataa. Akiwachukua, nyumba hii itabaki na sauti gani? Hilo sikumwambia. Nilimwambia kuku wake ana tabia mbaya. Akasema kweli, amejifunza kwa majirani. Akaenda zake.

Alhamisi, mwezi 2.

Nimewatibu. Ubavu nimeushona kwa uzi wa hariri, mshono uleule wa kofia. Umenyooka vizuri. Mguu nimeufunga kwa vijiti viwili. Vidonda vyote nimepaka manjano na mawese. Sasa wote wana rangi ya wali wa harusi.

Kisha kosa. Nilifikiri: bata ni watu wa maji, maji yatawafariji. Nikawatia kwenye sinia la shaba lililojaa maji ya mtungi. Wakalowa kama vitambaa! Mama Faida akanieleza kutoka ng'ambo ya ua, bila kuulizwa, kwamba kifaranga hupata mafuta kwenye manyoya ya mama yake. Asiye na mama hapelekwi majini. Akaruka ua, umri wake wote ule, tukawakausha jikoni kando ya mafiga.

Yule wa shingo hakuamka. Nimemzika chini ya mlimau alioupanda Subira. Wamebaki watatu. Sikupika.

Jumamosi, mwezi 4.

Hawali. Nimewapa wali uliopondwa, hawataki. Nimewapa mchwa, hawataki. Nikisogea wanakimbilia pembeni. Nimefikiri tangu alfajiri, nimegundua: ni kanzu. Mama yao alikuwa mweusi. Kanzu zangu zote nyeupe!

Nguo nyeusi nyumbani ni moja tu, kaniki ya Subira. Imo sandukuni, bado inanukia karafuu. Nilikaa nayo magotini kitambo.

Nikajifunga. Nikajitanda mpaka kichwani. Nikachuchumaa uani, nikaita ti ti ti, kama alivyowaita yeye bata wake. Wakaja! Wote watatu, yule wa mguu akiruka kwa mmoja. Wakaingia chini ya kaniki. Wakala mchwa kiganjani mwangu. Mama Faida na kuku wake wakae wakijua.

Jumatatu, mwezi 6.

Vifaranga wanakula kama wapagazi. Mimi nimo matatani.

Kisimani wanasema kwangu kuna mwanamke. Watu wamemwona wakichungulia juu ya ua, amevaa kaniki, amechuchumaa, analisha vifaranga. Mama Faida alikuja na uso mkavu kuniuliza kama nimeoa kabla ya arobaini. Arobaini ni Ijumaa! Na Amisi, kaka yake Subira, yuko njiani anatoka Kabambare kuisoma pamoja nasi. Akisikia nimeoa na kaburi halijakauka, nitamtazama kwa macho gani?

Njia zilikuwa mbili. Kusema mwanamke yule ni mimi, nichekwe mpaka niingie kaburini. Au kusema ni jamaa yangu, amekuja kunisaidia. Nilichagua ya pili. Mdomo ukachagua ya tatu. Ukasema ndiyo, ni bibi arusi, kutoka nchi ya Wamaza, anaona haya mbele za watu.

Nilimwomba Mama Faida asimwambie mtu. Akaahidi hatamwambia mtu. Atawaambia wanawake tu.

Jumanne, mwezi 7.

Sahani ya wali na samaki imeletwa kwa bibi arusi. Nimeila. Chakula cha kwanza cha moto tangu msiba.

Mama Faida akauliza kutoka ng'ambo ya ua kama bibi arusi amekipenda. Nikasema amekipenda, ila chumvi haikutosha. Alasiri ikaja sahani ya pili, na chumvi yake. Akauliza jina. Nikasema Binti. Akauliza kama ni mkarimu. Nikasema sana, na mpole, na kila asubuhi huuliza habari za bata kabla ya kuuliza zangu.

Nikageuka kuosha sahani. Mama Faida akarudi jikoni kwake.

Mguu uliovunjika unakanyaga. Mshono umeshika. Nimeweka vikombe viwili jamvini, kwa ajili ya uongo tu. Vinapendeza vikiwa viwili.

Alhamisi, mwezi 9.

Amisi amefika siku moja mapema! Amepitia kisimani, amesikia yote. Akaingia bila hodi mpaka uani. Akanikuta nimechuchumaa ndani ya kaniki, vifaranga watatu kwenye pindo. Nikafunika uso. Nikasema kwa sauti nyembamba kwamba mume wangu ametoka.

Akaja akasimama mbele yangu. Nilikuwa naiona miguu yake tu, na vumbi la safari.

“Shemeji,” akasema, “hiyo kaniki nilimununulia dada mimi mwenyewe.”

Nikafunua uso. Nikamweleza yote, tangu nguchiro. Nilingoja kofi. Yeye akachuchumaa, akamwinua yule wa ubavu, akamgeuza, akautazama mshono. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajipangusa macho, kisha nikaona kicheko kimekwisha na bado anajipangusa. Mimi nilikuwa nimeanza zamani.

Nikaifungua kaniki nimrudishie. Akaikataa.

“Vaa,” akasema. “Vaa mupaka wakue.”

Ijumaa, mwezi 10.

Arobaini imesomwa. Watu wengi, wali wa kutosha. Amisi hakutoboa siri yangu. Na Kasongo nzima haina habari! Nilijua uongo ukishonwa vizuri hauonyeshi uzi. Baada ya hitima Mama Faida alinipa sahani iliyofunikwa.

“Hii ya bibi arusi,” akasema. “Umuambie akule yote, baba. Amekonda tangu msiba. Na ile miguu yake mikubwa inaomba nguvu.”

Amisi akapaliwa na wali. Sijui kwa nini. Nilimshukuru Mama Faida kwa niaba ya mke wangu. Mama masikini, ameamini kila neno.

Alasiri Amisi akaniweka kitako. Akasema vifaranga wamepona, sasa nimwambie jirani ukweli, nijenge banda imara, na niache mipango. Nikakubali yote. Ana akili sana Amisi, kama dada yake. Nikaenda uani saa ileile kumwita Mama Faida nikiri.

Alikuwa anamenya ndizi. Kabla sijafungua mdomo akauliza kama bibi arusi anakula ndizi. Nikatazama nyuma, nikaona vile vikombe viwili jamvini, mlango ukiwa wazi.

Nikasema anazipenda mno. Nikasema na mama yake pia anazipenda, naye anawasili kutoka Wamaza wiki ijayo, kuja kumtazama mwanawe.

Mama Faida akasema vema, atapika kwa watu watatu.

Vifaranga watatu, wote hai. Kesho mapema niende sokoni. Nahitaji kaniki ya pili.