Kumtafutia Jemadari Makao

Jumatatu, 3 Machi

Dada ametoa amri. Jemadari atoke bandani kabla ya Jumamosi jioni. Amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, cherehani ya pili inakuja, na banda ndilo pekee lenye mwanga. Nikamwambia farasi na cherehani watazoeana. Akasema Jemadari keshakula mifuko ya suruali tisa na mkono wa koti. Nisipompatia makao, fundi viatu wa mtaa wa pili yuko tayari kumchukua.

Fundi viatu alikwisha kuja kumtazama. Hakuangalia meno. Alimpapasa mgongo, akauliza kama ngozi ina makovu.

Chakula changu cha mchana nikampelekea Jemadari.

Jemadari ni farasi mfupi, ile aina ya poni. Kimo chake kifuani kwangu, tumbo kama pipa, macho ya karani anayesubiri kustaafu. Nilimpata kwa mzee aliyekuwa akifunga biashara ya kinu chake cha mafuta, kinu ambacho Jemadari ndiye aliyekuwa akikizungusha. Nikampa baiskeli yangu. Mzee yule msemaji ajabu. Alitaka kunieleza tabia za mnyama, nikamkatiza. Mtu aliyempanda farasi akaipita treni hafundishwi farasi. (Treni ilikuwa imesimama, lakini hayo ni mambo madogo.)

Na kweli, mkononi mwangu anakwenda kama maji. Namsimulia habari za ujana wangu, yeye anatupa miguu. Ni mkono tu. Wengine tumezaliwa nao.

Jumanne, 4 Machi

Mteja! Muuza maji, mtu mpole, hutoa maneno matatu kwa siku na la tatu ni kwaheri. Anataka mnyama wa kuvuta mkokoteni wa madumu. Tukazunguka mtaa mzima, mimi nimeshika hatamu, huku nikimweleza nilivyovuka mto uliofurika nikiwa nimebeba mlango kichwani. Jemadari hakusimama hata mara moja. Muuza maji akatikisa kichwa kukubali. Nikamfikisha mnyama mimi mwenyewe hadi uani kwake.

Nikamtambia dada. Akasema tusubiri.

Alasiri. Muuza maji kaja anavuta mkokoteni mwenyewe, mkanda kifuani, jasho linamtiririka. Jemadari amesimama uani tangu saa nne kama kabati. Amevutwa, amesukumwa, ameonyeshwa karoti. Leo muuza maji katumia maneno ya mwezi mzima, na mengi hayaandikiki. La mwisho lilikuwa kwamba nimemuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nikaenda. Nikamgombeza Jemadari kwa kirefu, nikamkumbusha ukoo wake. Akanifuata hadi nyumbani bila kusita. Muuza maji akabaki kukodoa macho. Nikamwambia ni mkono.

Jumatano, 5 Machi

Akili haizeeki. Nimekumbuka kuwa mpiga picha hutafuta farasi wa kusimama tuli, watu wapige naye picha. Kasoro ya jana ndiyo sifa ya leo. Nikamleta muuza maji awe shahidi. Akasema neno moja: anasimama. Biashara ikaisha.

Saa nane mpiga picha akaniita studio. Kumbe kazi ile ni mdomo mtupu. Inua kidevu, mama. Sogea kidogo. Usifumbe macho. Kila akisema jambo, Jemadari huyo anaondoka. Nimepewa picha nne ziwe ushahidi. Ya kwanza, mama mwenye kofia mpya pamoja na farasi. Ya pili, mama na mkia. Ya tatu, mama peke yake. Ya nne, pazia limeanguka na mama hana kofia.

Nimerudi na Jemadari na picha. Kofia anayo tumboni.

Ijumaa, 7 Machi

Jana nilizunguka kutwa. Mwenye duka la mbao kakataa, mchoma matofali kakataa. Habari mbaya zina miguu kuliko Jemadari.

Kabaki Redio. Ni muuza mboga. Tunamwita hivyo kwa sababu akishafunguka hazimiki. Anamtaka Jemadari tangu Jumatatu. Ng'o. Mbele ya mwanamke yule hakuna mtu anayemaliza hadithi. Mwezi uliopita nilikuwa nawaeleza watu nilivyomkamata mamba kwa masikio, yeye akaingilia kati kuuliza mamba ana masikio wapi, kisha akahamia kwenye ng'ombe wa shemeji yake, na mamba wangu akafia hapo. Nikamjibu kuwa Jemadari anataka mtu mtulivu.

Dada alisikia. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja ndipo akasema. Mdogo wangu, mnyama yule hatembei kwa mkono wako, anatembea kwa mdomo wako. Mwenye kinu alimzoesha. Akisikia mtu anaongea, anakwenda. Pakiwa kimya, anasimama.

Nikamwambia hilo si kweli, mbona nami huwa nanyamaza. Akauliza lini. Nikasema nitakumbuka.

Jioni fundi viatu kapita na kamba begani. Atakuja kesho saa kumi.

Nilikwenda bandani kumchana Jemadari shingo. Akanisukuma bega kwa pua, akasukuma tena, mpaka nikaanza habari ya mamba. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza masikio.

Jumamosi, 8 Machi



Fundi viatu alikuja saa tisa, kabla ya wakati. Akafunga kamba, akavuta. Jemadari akasimama kama nguzo, akanitazama mimi. Akangoja.

Nikafunga mdomo.

Fundi viatu akaja sikioni kwangu, akanong'ona, eti mnyama asishtuke, nimwamrishe. Nikatazama mawingu. Akasema basi ndiyo maana, mtu hajawahi kupanda hata punda. Nikameza mate. Akasema treni ile mtaa mzima unajua ilikuwa imesimama. Dada akaacha cherehani, akaja mlangoni kuniangalia. Fundi viatu akaendelea kuninong'oneza, eti hata ule mlango niliovuka nao mto ulikuwa wa kabati la vyombo.

Wa kabati! Mlango wa mbele, wenye kitasa! Neno lilifika kwenye meno. Nikaliuma.

Dada akamtuma jirani akamwite Redio. Alisikika kabla hajaonekana, anaeleza bei ya vitunguu, magoti yake, na harusi ya binamu ambayo bwana harusi alichelewa. Masikio ya Jemadari yakainuka. Akaanza kumwendea, fundi viatu nyuma yake anaburutwa na kamba yake mwenyewe hadi akaiachia. Wakatokomea kona ya duka la dawa, hadithi ya harusi ikiwa bado haijafika kwenye chakula.

Dada akanishika bega, akasema leo amemwona mwanamume. Nikamweleza kuwa nilikuwa na jino linauma.

Banda ni tupu. Nimelifagia mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda kwa Redio kukagua tu. Jemadari kanenepa, kachanwa hadi mkia, ananuka kotimiri. Akaninusa mifuko yote. Nikapanda mkokoteni pamoja na Redio ili nimwonyeshe namna ya kushika hatamu, nikamweleza habari ya mkono. Yeye wakati huohuo ananieleza habari ya nyanya. Sikumwachia nafasi, naye hakuniachia.

Jemadari akatoka mbio. Mbio kabisa. Tukaipita pikipiki, tukalipita gari la taka, nyanya zinaruka nyuma toka sokoni hadi posta. Tulipofika posta Redio alikuwa hana sauti, nami pumzi imeniishia, na Jemadari akasimama papo hapo.

Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa na sasa naliona wazi. Yule si mnyama wa mboga. Ni farasi wa mashindano, na ni mimi niliyemgundua. Redio nitamzungusha tu hadi anirudishie. Dada nitamwomba kona ndogo ya banda, karibu na mlango. Kesho natafuta tandiko na mpandaji. Awe mwepesi, na zaidi ya yote awe mtulivu, asiye na maneno mengi.

Nimemfikiria muuza maji.