Majeruhi Mwenye Usingizi

Jumatatu, tarehe 3

Habari njema kuliko mshahara! Wahudumu wa gari la wagonjwa wanafanya mazoezi ukumbini wiki hii, na wanatafuta watu wa kujifanya majeruhi. Kazi yenyewe: kulala kwenye machela na kuguna. Kulala! Mchana kweupe! Mwanangu ana miezi saba, na tangu azaliwe nimesahau usingizi una ladha gani. Nimejiandikisha kabla hawajamaliza kueleza. Mama mkwe atabaki na mtoto. Nimemwambia ni mafunzo ya afya. Si uongo. Afya yangu.

Jumanne, tarehe 4

Nimepewa mguu uliovunjika, na rangi nyekundu ya kutosha. Mwalimu wao akasisitiza kwamba maumivu hayasubiri hospitali. Yatulizwe palepale, kabla majeruhi hajainuliwa. Unamuuliza kwanza, sifuri hadi kumi, yanauma kiasi gani. Unamfunga banzi, yaani kibao cha kuzuia mfupa usicheze. Yakizidi, anavuta dawa kwenye kibomba kama filimbi.

Nikapiga hesabu: nikitaja namba ndogo wataniacha nilale. Nikasema moja. Wakasema huyu mzima, wakaninyanyua nikawagawie watu maji! Machela ya pili, wifi yangu kasema kumi. Akaletewa mto, blanketi na mtu wa kumpepea. Dada wa mume wangu huyu, hajawahi kukosa kitu. Akanikonyeza.

Jumatano, tarehe 5

Kumi! Nimeisema hata kabla ya kuulizwa. Mto nikapata, blanketi nikapata. Nikafumba macho. Kumbe mwenye kumi haachwi! Kila mara anaulizwa upya kama dawa imesaidia. Sasa ngapi, mama? Na sasa? Nimemkimbia mtoto anayeniamsha, nimeangukia watu wazima sita.

Alhamisi, tarehe 6

Mpango kamili: kuanza na saba, kushuka taratibu hadi tatu. Anayepata nafuu huachwa apumzike. Wifi alikuwa ananyemelea machela ya pembeni, penye kivuli. Nikamuwahi kwa makalio. Saba. Tano. Tatu. Nikalala! Usingizi wa kukoroma. Kisha nikajigeuza kama niko kitandani kwangu. Machela ni nyembamba. Nikatua sakafuni, juu ya kifundo cha mkono.

Nikapiga yowe: jamani, uchungu! Nina uchungu!

Kosa. Ningesema maumivu. Wanafunzi wakalitazama tumbo langu, ambalo bado halijarudi mahali pake, wakauliza ni miezi mingapi. Nikadhani wanamuulizia mwanangu. Saba, nikasema. Lo! Huyu anatafuta taulo, huyu anampigia simu mkunga, huyu ananisihi nisisukume. Wakamuuliza wifi kama familia ilikuwa na habari. Akajibu kwamba nyumbani kwetu yeye siku zote ndiye wa mwisho kuambiwa mambo.

Mwalimu alipofika hakulitazama tumbo. Alinitazama usoni, akauliza polepole panauma wapi. Nikamwonyesha mkono. Akaufunga banzi vile vile ulivyokaa, bila kuuvuta, akanipa ile filimbi. Tisa ikawa tano, ikawa tatu, na safari hii sikupanga. Nikalia kidogo. Si kwa ajili ya mkono. Ni muda mrefu sijaulizwa na mtu panauma wapi. Wifi alikuwa ameushika mkono wangu wa pili, na hakuuachia hadi hospitali.

Jumamosi, tarehe 8

Ufa mdogo kwenye mfupa. Mkono umefungwa plasta ngumu. Daktari kanikataza kumbeba mtoto, kwa hiyo mama mkwe kambeba, na maneno juu: ni mafunzo gani hayo ya afya yanayovunja watu? Mtoto alipotaka kunirukia, akagonga paji la uso kwenye plasta. Nikampuliza, nikamuuliza ngapi. Akasema ba. Nimeichukua kama mbili. Nikamwambia basi, imetosha, akanyamaza.

Nilitegemea nitalala leo. Wapi! Wifi kahamia chumbani kuniuguza. Kila nikifumba macho, anauliza namba.

Lakini nimepata habari. Mazoezi ya mwezi ujao wanataka mtu wa kuzimia. Kuzimia! Aliyezimia haulizwi namba! Nimeshajiandikisha, kwa mkono wa kushoto. Wifi naye kajiandikisha, ila upande wa wahudumu. Anasema aliyezimia lazima kwanza apimwe kama amezimia kweli, na ameanza kujifunza kufinya. Sijui anafinya nini. Mimi nitakuwa nimelala.