Wiki Niliyotafuta wa Kunionea

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya tatu imejibiwa. Jibu ni lilelile la kwanza na la pili, wamebadilisha tarehe tu. Shirika la haki za binadamu linanishukuru kwa kuomba mafunzo kazini, linasikitika, linanitakia kila la heri. Kwa heri nilizotakiwa mwaka huu, ningekuwa nimeshajenga.

Shemeji aliisoma kabla yangu. Mume wa dada yangu ana duka la magodoro na anaamini kila bahasha inayoingia nyumbani kwake ni yake. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye amenipa miezi kumi na minne, na jembe amelificha stoo nisije nikajisikia vibaya. Jumamosi ikifika sijapata nafasi, nakwenda dukani kubeba magodoro. Dada akamwambia basi baba, kijana anasoma. Shemeji akauliza anasoma nini. Dada akanitazama. Nikamtazama dada. Nimesoma katiba mara tatu, na kila gazeti lililofungiwa sabuni katika nyumba hii, lakini hayo huwezi kumwambia mtu wa magodoro.

Mchana nikaenda shirikani mwenyewe, bahasha ya nne mkononi. Jengo la ghorofa mbili, geti la bluu, mlinzi mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Akanielekeza kwenye sanduku la mbao: waombaji wote humo. Nikachungulia tundu. Limejaa hadi mdomoni. Nikauliza linafunguliwa lini. Akasema mwenye ufunguo yuko likizo ya uzazi. Nikauliza amejifungua lini. Akasema bado.

Nikakaa ng'ambo ya barabara nikaangalia. Kwa saa moja watu tisa walipita getini bila hata kuulizwa jina. Walalamikaji wote. Kupitia dirishani nikaona wanapewa chai. Nikaelewa. Mlango wa anayetaka kuwatetea walioonewa umefungwa. Mlango wa aliyeonewa uko wazi, na sukari ipo.

Kesho nitakuwa nimeonewa.

Jumanne, 4 Machi

Kuonewa si rahisi kama watu wanavyolalamika. Tangu alfajiri namtafuta aliyenidhulumu, simwoni. Sijawahi kuajiriwa, kwa hiyo sijafukuzwa. Sina nyumba, kwa hiyo sijahamishwa. Polisi walinisimamisha mara moja tu, kuniuliza njia. Nikamwuliza dada kama anakumbuka dhuluma yoyote niliyofanyiwa utotoni. Akasema dhuluma anayoijua ni ya soksi zangu, anazifua hadi leo, na kama kuna ofisi inayosikiliza hayo nimpe namba.

Nikatunga. Nilikuwa mwoka mikate, nikadai mapumziko, nikatimuliwa. Fupi, inagusa.

Mlinzi akauliza kama si mimi wa jana. Nikamwambia mzee, ya jana yalikuwa maombi, ya leo ni machozi. Akafungua.

Nikapewa namba kumi na nne na fomu ya kurasa nane. Benchi refu, limeegemea ukuta. Na mwisho wa benchi namwona nani, mkono wa kushoto umefungwa bandeji, uso wa matanga? Mheshimiwa. Nilisoma naye; jina alipewa kwa sababu alikuwa kiranja tangu darasa la kwanza. Nafasi hii naye anaitafuta, tulikutana mwaka jana posta, bahasha zetu zina anwani ileile. Akaniona. Nikamwona. Hakuna aliyesalimia. Mwizi hamwulizi mwizi mwenzake anakwenda wapi.

Kulia kwangu alikaa mama mmoja. Yeye mkono wake wa kulia ndio uliofungwa, na bandeji ina doa la dawa. Hiyo ni ya kweli. Alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni inayofua mashuka ya hoteli. Mashine ya kunyooshea mashuka ikambana mkono. Siku ya tatu wakamwachisha. Malalamiko yake yasipopokelewa kabla ya Ijumaa jioni, muda unakwisha na hapati chochote, hata matibabu. Fomu ameishika kwa kushoto na hajui aanzie wapi, maana mkono wa kuandikia ndio huo.

Nikamwambia lete, mama. Si kwa wema sana. Nilitaka maafisa wakipita wanikute na kalamu.

Nikamwuliza ilikuwa saa ngapi, nani alisimama wapi, nani alisema nini. Akasema msimamizi alimwambia, "Mkono ni wako, mashine ni yetu." Nikaandika vilevile, sikugusa neno. Akaniambia mwanangu, unauliza kama mtu aliyetumwa dukani na mama mkali. Nadhani ni sifa.

Kuli wa sokoni aliyekaa mbele yetu akasikia, akaomba na yeye. Halafu mzee wa pensheni. Namba kumi na nne ikaitwa nikiwa katikati ya pensheni. Nikaikosa. Siku imekwenda bure.

Jumatano, 5 Machi

Nilifika saa moja asubuhi ili niwahi. Watu watano walikuwa tayari wananisubiri, kila mtu na fomu yake. Nikawaambia jamani, mimi pia nina matatizo yangu. Kuli akasema pole sana, akanisogezea kiti.

Mheshimiwa leo bandeji iko mkono wa kulia. Nikamwuliza kwa sauti, wa kushoto unaendeleaje. Akasema maumivu yamehama. Baadaye nikamsikia akimnong'oneza binti wa mapokezi kwamba kuna mtu hapa anaandikia watu bila kibali. Hivi kuandika kuna kibali? Nimetafuta kwenye mabango yote ya ukutani, nimeyasoma hadi jina la aliyeyachapa. Sikuona kitu. Lakini roho haijatulia.

Fomu ya mama ina shimo. Ukurasa wa saba unataka shahidi. Mwenzake mmoja aliona kila kitu, ila anaogopa kufukuzwa. Nikamwambia hilo dogo, nitasaini mimi. Nina saini nne, zote nzuri. Mama akaninyang'anya kalamu kwa mkono wake mzima. Akasema, "Mwanangu, mimi nilichobaki nacho ni ukweli peke yake. Ukiutia maji nitabaki na nini?"

Nikajaribu kumweleza kwamba mambo ya ofisini ndivyo yalivyo. Akaifunika fomu kwa kiganja. Sipendi mtu mzima akinifanyia hivyo. Nimemwahidi kesho tutakwenda wote kwa huyo mwenzake.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikupanga foleni kabisa. Nilikwenda na mama nyuma ya ile kampuni, saa ya chakula. Mvuke unatoka madirishani, mashuka yamepakiwa kwenye matoroli yamenipita urefu. Njiani nilimweleza habari za shemeji na duka lake. Akasema kazi ni kazi. Watu wazima wote wanasema hivyo, wakishakuwa na nyingine.

Mwenzake akatokea mlango wa nyuma anajifuta jasho. Akasema kuona ameona, kusema atasema, lakini jina lake lisikanyage karatasi. Ana watoto watatu na kazi moja.

Hapo nikakumbuka bango la tatu kutoka mlangoni, lile lililopinda. Shahidi anayehofia usalama wake anaweza kuandikwa kwa herufi, jina lake likabaki kwenye bahasha iliyofungwa, inayofunguliwa na afisa peke yake. Nikamweleza. Akauliza kama mimi ni wakili. Nikasema bado nasubiri. Basi akaeleza yote akiwa amesimama: mashine ilikuwa na kizuizi cha kulinda mikono, wakaking'oa wiki mbili kabla ya ajali ili kazi iende haraka. Nikaandika nimeegemea toroli. Nikamwita Shahidi A. Akasema zuri, kuliko hata lake la kuzaliwa.

Saa tatu nzima zimepotea. Fomu yangu ya mikate haina hata nukta. Nikiendelea kuwasaidia watu namna hii, sitaipata kamwe hiyo nafasi ya kuwasaidia watu.

Nyumbani nikamkuta shemeji na koti la dukani. Mgongoni limeandikwa LALA SALAMA. Akataka nilijaribu palepale mezani. Limenikaa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Namba yangu, hatimaye. Afisa ni mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Akauliza mbona fomu yangu tupu. Nikasema sikupata nafasi. Nikamsimulia ya mikate kwa mdomo, nikatia huzuni. Akauliza tanuri lilikuwa la kuni au la umeme. Nikasema la kawaida. Akauliza mlioka mikate mingapi kwa siku. Nikasema inategemea na njaa za watu. Akabadilisha miwani, akaandika neno moja kwenye faili, akalifunga. Neno nililisoma juu chini: HAKUNA. Kusoma maandishi yaliyogeuzwa ni kipaji changu ambacho hakuna fomu iliyowahi kukiuliza.

Saa tisa mama akaingia na fomu yake, bahasha ya shahidi ndani yake. Nikabaki benchini nahesabu vigae. Akatoka saa kumi kasoro robo na nakala yenye muhuri. Imepokelewa, tarehe saba. Wino ulikuwa bado mbichi, akaupuliza polepole kama anapuliza kidonda cha mtoto. Macho yangu yakaingiwa na kitu. Ofisi ile ina vumbi.

Sijamaliza kulifuta vumbi hilo, binti wa mapokezi huyo, rundo la fomu kifuani. Akauliza benchi zima nani ameandika hizi, zote mwandiko mmoja, afisa anamtaka ndani sasa hivi.

Kibali. Nilijua tu. Mama akafungua mdomo. Nikamkanyaga, kwa heshima. Kuli nikamkonyeza. Kisha nikanyoosha kidole: ni yule pale, mwenye bandeji.

Mheshimiwa akapelekwa ndani amepauka kama jivu. Mimi nikatoka getini bila kuaga. Nilimhurumia hadi kwenye kona, kisha nikatulia. Ajali haina kinga, lakini kidole kinayo.

Jumamosi, 8 Machi

Magodoro kumi na saba. Godoro halina pa kushika. Aliyelibuni hakuwahi kulibeba. Mgongo nilionao sasa ni wa mtu mwingine, mzee zaidi.

Shemeji anasema nina nyota ya biashara. Mteja alikuja kutazama tu; nikamwuliza analala upande gani, anaumwa wapi, saa ngapi, tangu lini. Akaniambia hadi ya ndoa yake. Akanunua mawili.

Saa nane Mheshimiwa akaingia dukani. Ofisi imefungwa leo, lakini kitambulisho cha shirika kinaning'inia shingoni. Mikono yote mizima. Akasimama kando ya godoro la futi sita akanieleza pole pole, kama anayejua kila neno linaingia wapi. Aliyekuwa akitafutwa hakutafutwa kwa ubaya. Afisa anasema hajawahi kupata maelezo yaliyonyooka kiasi kile; aliyeyaandika apewe mafunzo kazini, aanze Jumatatu. Wamemsifu sana, fomu kumi na tisa na mkono unaumwa. Akanishukuru kwa kumtaja. Akanunua mto.

Nikamfungia kwenye karatasi.

Usiku sikula. Dada akauliza nini. Nikasema mgongo. Akanikanda bila kuuliza tena, na nilipogeuza uso ukutani akajifanya anatafuta mafuta.

Jumatatu, 10 Machi

Mama amekuja dukani, anahema, habari zimemjaa hadi kooni. Nikamkalisha kwenye godoro la maonyesho.

Kwanza yake. Afisa aliipigia simu kampuni Ijumaa ileile; imekubali kulipia matibabu ya mkono, na wiki ijayo watakaa mezani kuhusu kazi yake. Maelezo ya Shahidi A ndiyo yaliyowatoa jasho. Alinionyesha vidole viwili, sasa vinakunjika.

Pili ya Mheshimiwa. Asubuhi walimpa mlalamikaji wa kwanza. Akamwuliza jina, kisha akajaza nusu ukurasa kuhusu yeye mwenyewe. Afisa akatazama mwandiko, akatazama fomu, akabadilisha miwani mara mbili. Akamwita mama, aliyekuwa amekuja kuulizia kesi yake. Mama akasema kweli yote, hata ya kukanyagwa.

Tatu yangu. Afisa amecheka, halafu amesema nafasi ni yangu. Anataka kitu kimoja tu: Jumatano nimpelekee ukurasa mmoja nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe, nieleze kwa ukweli nilifikaje kwenye lile benchi. Ataulinganisha na fomu, ajue safari hii ndiye, basi. Mama akanifanya nirudie maneno hayo mara mbili. Akaniambia, "Mwanangu, usiongeze kitu. Nakuomba."

Shemeji alikuwa nyuma ya magodoro akisikiliza. Akanivua lile koti mwenyewe, akafuta kiti kwa kiganja chake, akanipa kalamu ya dukani.

Nimekaa nayo tangu saa nane. Ukweli niliuandika. Umetoka mistari sita, na yote inaniaibisha. Huwezi kuingia ofisi kama ile na kitu cha namna hiyo. Nimeuchana. Katika huu mpya, nilitumwa benchini na taasisi moja ya kimataifa, kwa siri, kuchunguza huduma. Umefika kurasa tatu na unasomeka vizuri sana.

Kilichobaki ni mwandiko. Wataulinganisha na ule wa kwenye fomu, na hiyo ndiyo hofu yangu: zile niliziandikia magotini, herufi zimelala kama zimelewa. Nikipeleka tena uchafu uleule watasema sikujitahidi. Dada ana mwandiko mzuri, kadi zote za harusi za ukoo huandika yeye. Ananakili sasa hivi kwa wino wa bluu, na ua dogo kwenye kila pembe. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika ndivyo walivyosema. Nikamwambia dada, mambo ya ofisini niachie mimi.

Jumatano hawataamini macho yao.